Eggert Thorlakson na Breki ya Basi la Runa

Wapendwa mliokuja kumsindikiza, kabla hatujatoka kwenda makaburini, familia inaomba mkae kitako mumsikilize Eggert wenu kwa mara ya mwisho, tangu alipozaliwa hadi alipotuacha.

Eggert Thorlakson alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, shambani kwa babu yake kusini mwa Nesvik, akiwa mtoto wa tatu wa Magnus na Lauga Thorlakson, ambao wote wawili walishatangulia. Alianza shule hapa Nesvik mwaka 1955, akasoma hadi darasa la nane, na mwaka 1963, baba yake alipovunjika nyonga akivua samaki barafuni, aliacha masomo ili avute nyavu mahali pake. Mikono yake ilipenda injini kuliko samaki, hivyo mwaka 1967 alikwenda Winnipeg kujifunza ufundi wa magari, na tarehe 2 Septemba 1969 akaajiriwa kuwa fundi wa mabasi ya shule, kazi aliyoifanya miaka arobaini, na kuanzia mwaka 1981 akawa msimamizi wa yadi nzima.

Tarehe 14 Juni 1974 alifunga ndoa na Solveig Einarson katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Petur, aliyezaliwa mwaka 1976, na Asta, aliyezaliwa mwaka 1979, na baadaye wajukuu wanne, ambao aliwafundisha wote kuendesha gari kwenye theluji kabla sheria haijawaruhusu.

Kazini alikuwa na fahari moja, kwamba hapakuwahi kupita asubuhi ambayo basi la Nesvik lilishindwa kuondoka, hata siku ambazo mate yaliganda kabla ya kufika chini. Siri yake kila dereva aliijua, maana ni yeye aliyemfundisha kila mmoja: theluji ikianguka, usivute breki ya mkono, kwa sababu itagandia gurudumuni na asubuhi basi halitasogea, bali acha gari kwenye gia, shuka, upige kabari ya mti chini ya gurudumu la nyuma, na breki hiyo usiiguse tena hadi barafu iyeyuke.

Mwezi Novemba 1998 kiwanda kilichotengeneza mabasi yale kilitangaza kwamba springi ya breki ya mkono ilikuwa na kasoro, inaweza kupasuka na kuliachia basi lililoegeshwa, kwa hiyo mabasi yote yarudishwe yakabadilishiwe, na wakati yakisubiri zamu, kila dereva avute breki mlimani, aone kama inashika. Kuyapeleka kulimaanisha mabasi kukosekana siku kadhaa katikati ya baridi, na Eggert hakupenda. Asubuhi iliyofuata, madereva wakinywa kahawa yadini, kila mtu na donge lake la sukari kati ya meno kama ilivyo desturi yetu, aliwauliza kama kuna yeyote aliyesumbuliwa na breki ya mkono. Wakacheka, na Bjossi Olafson, ambaye leo yumo kati ya wabeba jeneza, akamjibu, "Fundi, tangu theluji ianguke mimi na hiyo breki tunasalimiana kwa mbali tu." Mwingine akadakia, "Iulize kabari, ndiyo inayofanya kazi." Eggert naye akacheka, akaingia ofisini, akakiandikia kiwanda kwamba mabasi ya Nesvik yamekaguliwa na hakuna dereva mwenye malalamiko, na kweli malalamiko hayakuwepo, kwa kuwa breki hazikuwa zimevutwa na mtu.

Theluji ikayeyuka, na kama walivyofundishwa, madereva wakatupa kabari na kurudia breki. Tarehe 22 Aprili 1999, saa tisa alasiri, Runa Helgason, mmoja wa madereva hao, aliegesha basi lake kwenye mteremko wa shule, likiwa tupu, akavuta breki, akashuka kumsaidia mtoto wa darasa la kwanza aliyeangusha mkoba wake nyuma ya basi. Springi ikapasuka na basi likarudi nyuma, Runa akamsukuma mtoto kando, mtoto akapona, lakini gurudumu likapita juu ya mguu wa Runa, na mguu huo ulikatwa chini ya goti huko Winnipeg.

Jioni ile Eggert alilifungua gurudumu peke yake, akaiona springi iliyopasuka, akaweka nyingine, na akanyamaza. Katika mkutano wa kamati ya shule wa tarehe 10 Juni aliulizwa kuhusu basi, na Runa akiwa ameketi mbele yake na magongo yake, akajibu, "Basi lilikuwa zima. Breki isipovutwa haishiki." Maneno hayo hayakumtaja mtu, lakini hapakuwa na aliyeshindwa kuyaelewa, na tangu siku hiyo mji ukasema Runa alisahau breki, naye Runa akapoteza kazi aliyoipenda, na mzazi mmoja hata alivuka barabara ili asimsalimie. Kiangazi kile Eggert aliyapeleka mabasi yote yakatengenezwe, moja moja, bila kutoa sababu.

Mengi mnayoyakumbuka kwa sifa yalianzia hapo. Kila majira ya baridi aliondoa theluji mlangoni kwa Runa kabla ya kwake, akampasulia kuni, na watu wakasema huo ndio ukristo, na mwaka 2011 mji ulipotaka kumtuza kwa wema wake, alijifanya mgonjwa akabaki kitandani na viatu miguuni. Waliojua ni yeye na Runa tu. Hapa Nesvik anayekuondolea theluji humwachi aende bila kahawa, hata awe adui, lakini miaka yote hiyo Runa alimtazama dirishani mpaka amalize, akafunga pazia, wala kikombe hakikutoka.

Mwezi Machi 2022 madaktari walimkuta na saratani ya koo, wakamwambia lazima wakate, na kwamba baada ya hapo sauti haitarudi. Alhamisi ya tarehe 5 Mei alimwomba Solveig ampeleke kwa Runa, na Solveig akaisikia habari hii kwa mara ya kwanza akiwa amesimama jikoni kwa mwenzake, hajui aangalie wapi. Runa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Eggert, mkono wangu unajua kwamba niliivuta ile breki. Katika mji huu mzima, umechagua kumwambia mtu pekee asiyehitaji kuambiwa. Kawaambie wao. Kahawa nitamimina siku hiyo."

Jumapili ya tarehe 8 Mei, wakati wa matangazo, Eggert alisimama humu kanisani, kwenye benchi la nne upande wa dirisha, na wengi wenu mlikuwepo. Akashika benchi la mbele, akakohoa, akaomba aombewe kwa ajili ya upasuaji, akaketi. Jumanne sauti yake ilikatwa.

Aliishi miezi tisa kasoro, akitumia kibao cha kuandikia cha mjukuu wake, na aibu ya Jumapili ile ilimtafuna kuliko ugonjwa, hata Krismasi alipowekewa keki ya plamu zilizokaushwa aliyoipenda aliisukuma, akaandika kwamba mambo ya Runa yasomwe siku ya maziko yake, yote. Petur alikataa, akasema, "Mama, mtu hasemwi vibaya mbele ya jeneza lake." Solveig akamjibu, "Hasemwi, mwanangu. Siku hiyo yeye ndiye atakayesema." Eggert alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 3 Februari 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Asta.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Winnipeg, majirani walioleta supu na kuondoa theluji yetu wakati sisi hatuna nguvu, madereva wa yadi, wa zamani na wa sasa, na mchungaji, aliyeruhusu haya yasemwe madhabahuni. Kwa Runa hatuna shukrani inayotosha, tunainamisha vichwa tu. Breki aliivuta. Mtoto aliyemsukuma kando siku ile ana watoto wake leo, na ameketi karibu naye.

Tukitoka makaburini kutakuwa na kahawa ukumbini, na Runa ameomba aimimine yeye.

Eggert, wamesikia. Sasa pumzika, na iwe kwa amani.