Mashua ya Dada Gerejini

Benchi la muuza kahawa linatazamana na gereji ya muuguzi mstaafu, na kwa miezi saba wanakijiwe hawakuwa na mada nyingine. Gari aliliuza; mahali pake pakakaa mashua ya mbao, mbavu zote mbili zimeshapakwa rangi. Asubuhi hiyo randa ililia tangu mapema, na aliyeumia kuisikia kuliko wote ni Mawimbi, fundi redio, kwa kuwa muuguzi huyo ni dada yake wa tumbo moja.

Kinyozi alisema mashua ile ataifanya kitanda tu, wastaafu husumbuliwa na mgongo. Profesa, aliyekuwa karani wa posta na hajawahi kufundisha hata kuku, akapinga: muuguzi kadokezwa na daktari mmoja kwamba mafuriko yanakuja. Kinyozi hakukubali kushindwa. Akaapa kuna mchumba ng'ambo ya ziwa, tena mwenye meno yote. Benchi likatikisika kwa kicheko. Mawimbi naye alicheka, ila kahawa ikampalia.

Ndipo lori likasimama. Dereva, mgeni kabisa, akashuka, akaagiza kikombe, akasema amekuja kuchukua mashua aipeleke ziwani. Kila mmoja akammwagia nadharia yake. Akasikiliza mpaka kahawa ikaisha.

— Mwenyewe anasemaje?

Miezi saba, na hakuna aliyevuka barabara kumwuliza.

Mawimbi akainuka. Alimkuta dada yake kajaa vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Akamwuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, mashua ni ya nini.

— Miaka thelathini nimevushwa ziwa kwenda zahanati kama furushi, — dada alisema. — Sasa nataka kushika usukani mwenyewe.

— Mbona hukuniambia?

— Ungeuliza, mdogo wangu. Haya, shika huko mbele tuitoe.

Akashika, haikusogea. Akakiita kijiwe. Wakaja wote, hata muuza kahawa na birika lake, wakabishana nani ashike wapi, wakainyanyua huku wanacheka hadi nguvu zinawaishia.

Lori lilipoondoka, Mawimbi alikuwa juu yake, ameketi ndani ya mashua bega kwa bega na dada yake, akiwapungia mkono. Duka la redio halikufunguliwa siku ile.