Mistari Mitatu kwenye Boneti

Kijiwe chetu cha Shianda ni benchi moja la mbao mbele ya mshona viatu, birika la kahawa juu ya jiko la makaa, na sisi watatu tusiojua kunyamaza. Miaka hii ya miwa, trekta za kiwanda hupita hapa mchana kutwa zikitumwagia vumbi kwenye vikombe. Shikanga tunamwita Bonasi, maana ndiye mkulima wa kwanza hapa kununua gari kwa pesa za miwa: Pijo 504, buluu, mpya. Were tunamwita Injinia. Kazi yake kiwandani ni kupaka grisi. Mimi ni Karani. Shule niliacha darasa la tatu, kusoma nikajifundisha mwenyewe, na barua za watu wa hapa naziandika mimi. Uongo siandiki. Asubuhi hiyo Pijo ilikuwa imesimama mbele yetu. Ilikuwa imetoka sevisi jana yake, kwa kampuni iliyoiuza, na kwenye boneti kulikuwa na mistari mitatu iliyokwaruza rangi hadi kwenye bati. Bonasi alikuwa anaizunguka kwa hasira. Mimi pia damu ilikuwa imenichemka.

BONASI: Andika, Karani! Fundi Chrispinus aliyeifanyia sevisi afutwe kazi. Leo leo!

MIMI: Naandika. Usinipigie kelele, sikukwaruza mimi.

BONASI: Mtu anaegemeaje gari ya mwenzake na mshipi wa chuma tumboni?

INJINIA: Si mshipi. Ni pete. Mimi nafanya na mashini, najua.

MIMI: Wewe unafanya na grisi.

INJINIA: Na grisi inapakwa wapi, kwa mandazi? Sikia. Fundi akitaka kushika gari, kwanza avue pete, avue saa, avue mshipi.

BONASI: Na suruali ikianguka?

INJINIA: Ianguke! Bora rangi ibaki.

MIMI: Nimeandika. "Mafundi wote wavue mishipi."

BONASI: Ongeza blanketi kila upande. Na juu ya boneti, godoro.

MIMI: Boneti ataifungua aje na godoro iko juu?

BONASI: Hiyo ni shida yake! Chuo cha ufundi cha Sigalagala alienda kusomea nini?

INJINIA: Mimi ningekuwa wewe ningesimama hapo na panga, karibu na taa ya mbele. Fundi akikohoa, nainua.

BONASI: Walinikataza kuingia! Wameweka kamba. Saa nne nzima nimekaa kwa benchi naangalia ukuta, na gari yangu iko huko ndani na mwanaume mwingine.

INJINIA: Umeona? Kamba ya nini, kama si kuficha? Bwana, hii ni wivu. Huyo Chrispinus ni mtu wa Matete, hana miwa, anaona wa Shianda ana Pijo, anachukua msumari. Mstari wa kwanza ni wa gari. Wa pili ni wa shamba lako. Wa tatu ni wa bibi yako.

BONASI: Ayaa! Phoebe wangu? Andika hiyo, Karani!

Nikaandika. "Kwa msumari, kwa makusudi." Nikapiga mstari chini yake mpaka karatasi ikatoboka. Chrispinus namjua, ana watoto wanne na hana shamba, ile kazi ndiyo inayowalisha obusuma, ugali wetu. Lakini nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira huona barua yake ni tamu. Wenzangu wawili wakatia sahihi. Basi la saa tano ndilo lingeipeleka kwa kampuni.

Kulikuwa na mama mmoja mgeni akingoja hilo hilo basi. Alikuja kununua kahawa.

— Mulembe, akatusalimu. Mimi naitwa Awinja. Nimesikia kelele.

Akainama juu ya boneti, kikombe mkononi. Akatanua vidole vitatu juu ya ile mistari, bila kugusa. Vikalingana.

AWINJA: Baba, hii gari inalalanga wapi?

BONASI: Ndani, mama! Haiguswi hata na umande. Nilivunja ukuta wa jiko la zamani, nikaiingiza.

AWINJA: Umefanya vizuri. Na kuku zako zinalalanga wapi?

Trekta ikapita. Vumbi likatua. Injinia akatazama ndani ya kikombe chake.

MIMI: Bonasi, umeulizwa na mama. Kuku si zinalala hilo hilo jiko la zamani?

BONASI: Hiyo si mambo ya sevisi.

MIMI: Kabla ya sevisi, hii gari uliosha lini?

BONASI: Sijaosha. Niliogopa kitambaa kitakwaruza rangi.

INJINIA: Kwa hivyo mistari ilikuwa chini ya vumbi, kampuni ikaliosha tu, halafu sisi ndio…

MIMI: Wewe nyamaza! Msumari ulitoa wapi, wewe?

Lakini neno "msumari" lilikuwa limeandikwa kwa mkono wangu, si wake. Nikaivuta barua kutoka magotini kwa Bonasi, nikaichana mara mbili, nikaichana tena.

BONASI: Karani! Hiyo karatasi ni yangu, niliinunua!

MIMI: Karatasi ni yako. Mwandiko ni wangu.