Majani ya Asanasio Tsongo

Padri wetu, majirani, na ndugu mliovuka mpaka kuja kulia nasi, Asanasio Tsongo alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Butembo, akasoma hadi darasa la sita, akaacha shule baba yake alipofariki, na mwaka 1971 akavuka mpaka akaingia hapa Bwera.

Mwaka 1974 alianza kuchunga ng'ombe kwenye tambarare ya Kahendero, akarudi na ugonjwa wake wa kwanza, yaani kupenda majani ya malisho. Tarehe 6 Januari 1979 alimwoa Consolée, wakajaliwa watoto sita, wanne wako hai.

Ukame wa 1994 ulipomaliza ng'ombe, alitafuta malisho yasiyokufa kwa ukame, akabeba majani ya baridi, yale yanayoota kwenye vilima vya juu ya Bulembia, akayapanda hapa nyumbani, Consolée akayamwagilia kila jioni kwa maji ya kubeba kichwani, na huyo mama alipougua wiki mbili tu yakakauka karibu yote, maana majani yaliyodekezwa hayashushi mizizi. Basi Asanasio akaanza upya bila tone la maji, akichuma mbegu za mashina machache yaliyosalia, mwaka hadi mwaka, watu wakimcheka, na Consolée, tuseme ukweli, akichoka. Jibu lake lilikuwa hilohilo: "Majani haiko na haraka, mutu ndiye iko na haraka." Kufikia 2019 mizizi ilipita urefu wa mkono, na mbegu zilitoka wiki ya sita baada ya mvua.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2022, akafariki tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi, mbegu zikiwa zimekomaa, hazijavunwa, na za mwaka jana amekwisha kuzipanda zote. Vijana wetu, kwa moyo mwema, walilima shamba lile kwa majembe ili hema lipate nafasi, wakatandika majani yake wageni wakalie. Consolée aliwaona akiwa mlangoni, hakuwazuia, kwa kuwa mfiwa hamkemei anayemsaidia, na kwa kuwa nguvu zilikuwa zimemwishia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika, na wachungaji wenzake wa Kahendero. Hatumlaumu mtu. Mama Consolée anaomba jambo moja tu, kwamba mkiinuka kwenda kaburini, kila mmoja akung'ute nguo zake papa hapa, polepole, kwani kazi ya miaka thelathini imebaki kwenye pindo zenu.

Lala, Asanasio, umechoka vya kutosha, pumzika kwa amani.