Niliombea Tangi, Nikasahau Mpira

Bwana apewe sifa, ndugu zangu wa Chechelesi. Mimi ni mzee sasa, na mbele yenu sina la kuficha.

Mjukuu wangu Ekai alikuwa anahara. Anapona, anarudiwa, mpaka ukimbeba ni mwepesi kama kuku. Zahanati wakasema ni maji. Nikatia dawa ya kusafisha maji kwenye tangi letu. Nikaliwekea mikono, nikalipaka mafuta, nikakemea. Mtoto akazidi kulegea. Nikaanza kumshuku jirani kwamba ametutupia jicho baya. Mungu anisamehe.

Asubuhi moja mke wangu, Mama Lokaale, alikuwa anasafisha kibuyu cha maziwa. Ninyi wafugaji mnajua kibuyu hakisuuzwi tu. Kinasuguliwa ndani kwa kijinga cha moto mpaka kinukie moshi. Mimi nilikuwa kando yake nikiomba kwa sauti.

"Baba Lokaale," akanikatiza, "nikitia maziwa kwa kibuyu kichafu, maombi yako yatayazuia kuharibika?"

"Hapana."

"Na maji yako yanapita wapi?"

Nikaligeukia tangi. Kutoka pale yalipita kwenye mpira mweusi wa maji niliokuwa nikimwagilia nao vitunguu shambani kule Burat, nikauleta nyumbani kwa ubahili wangu. Ulilala juani kutwa, maji yakikaa vuguvugu ndani. Nikaukata, nikatia kidole. Ndugu zangu, utelezi kama ute wa yai.

Muuguzi wa zahanati alinieleza, na mpaka leo nastaajabu. Utelezi ule ni vijidudu; kimoja kimoja huvioni kwa macho, lakini vinajua kushikamana. Vinang'ang'ania mpira, hasa uliochakaa, vinajijengea nyumba ya ute na kujifunika pamoja. Dawa inapita juu, vya chini viko salama. Kisha vichache vinabanduka na kusafiri na maji hadi kikombeni. Laiti kanisa hili lingeshikamana hivyo!

Nikautupa mpira, nikaweka paipu mpya, na maji ya kunywa tukaanza kuchemsha. Ekai ndiye yule anayepiga kelele kule nyuma. Tafadhali msimnyamazishe.

Jirani nilimwendea, nikamwomba msamaha. Namshukuru Mungu kwa akili aliyompa mke wangu, hata kama sasa hivi ananicheka.

Wewe uliyeomba mpaka ukachoka, mwamini Bwana, anajibu. Mimi alinijibu katikati ya maombi, kwa sauti ya mwanamke mwenye kibuyu mkononi, nami nilikuwa karibu kumwambia anyamaze, naongea na Mungu.