Kayaki ya Wagombea Fito

Nilikuwepo! Mtu asije kesho akawaletea habari za kuambiwa, eti alisikia kwa fulani aliyesikia kwa fulani. Mimi nilikuwepo mwenyewe, nimekaa ukingoni mwa kitanda hiki hiki, mkono wake mkononi mwangu, mama yenu alipotoa neno lake la mwisho, na masikio haya mnayoyaona yamelala kama majani ya kabichi ndiyo yaliyolipokea. Neno lenyewe mnalijua, maana nimewaimbia mpaka kuku wa jirani wamelishika: watoto wangu wawili wajenge kayaki kwa mikono yao, humu humu nyumbani, na mpaka ielee hakuna kugawana hata kigae. Basi leo asubuhi imeelea. Sogeeni wanangu, mnisikilize, maana pumzi iliyobaki ni ya kuhesabu, na mimi hesabu sikuwahi kufaulu.

Wewe binti yangu, Sindano, kaa kulia kwangu. Wewe Wembe, kaa kushoto. Kushoto kwangu mimi, si kwako! Ahaa, mnacheka. Chekeni, ndiyo dawa pekee humu ndani isiyo chungu. Na wewe mkwe wangu, Bwana Sawa, kaa popote, kwako popote ni sawa.

Mimi ni fundi milango. Mji huu, ukiondoa milango yangu, watu wote watalala kama ng'ombe zizini. Nimetengeneza milango mpaka upepo ukajifunza kubisha hodi. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu nililisomea nje ya dirisha, nimefukuzwa kwa kuongea. Lakini nileteeni msomi yeyote mwenye miwani mizito kama chupa, nitamfungia mlango usoni na hataona bawaba iko wapi. Mlango mmoja tu ulinishinda, nao ni ule mliofungiana ninyi wawili.

Tuseme leo, tusizunguke mbuyu. Mama yenu alikuwa na nywele, jamani, nywele ambazo kuku akiingia hatoki, na Sindano ndiye aliyekuwa akizisuka, hakuruhusu mkono mwingine uguse. Ugonjwa ulipokuja zikajifunga mafundo, kichwa kikawaka moto. Siku hiyo Sindano anaingia na kitana na mafuta, anamkuta mama yake kichwa kitupu kinang'aa kama yai, na mdogo wake Wembe anafagia nywele sakafuni. "Nani kakuruhusu?" "Mama mwenyewe." "Muongo!" Ni hilo tu. Kwa neno hilo moja mama yenu tukamzika, tukarudi kutoka makaburini, na watu wawili waliolelewa kwenye blanketi moja hawasalimiani.

Sindano akachukua chaki yake ya kukatia nguo, akachora mstari uani kutoka bombani mpaka getini, huku kwake, huku kwa ndugu yake, na mvua ikiufuta anauchora upya. Wembe naye akahamisha kiti chake cha kunyolea watu kisivuke hata mguu. Mkawa mnazungumza kupitia huyu mkwe wangu. Mmekaa meza moja, chumvi iko katikati yenu: "Bwana Sawa, mwambie kinyozi asogeze chumvi." "Sawa. Kinyozi, sogeza chumvi." "Mwambie fundi nguo ana mikono." "Sawa. Fundi nguo, una mikono." Mkwe wangu alikonda mpaka kivuli chake kikawa kinamwomba chakula, maana maneno ya watu wawili yalikuwa yanapishana kooni mwake kama malori kwenye daraja moja.

Nikaona nyumba inapasuka, na mimi siku zangu zinakwenda. Ndipo nikawatolea neno la mama yenu, nililokuwa nimelihifadhi moyoni. Wembe ukaniuliza, "Baba, mama alijuaje kayaki, yeye aliyekuwa anaogopa hata beseni?" Nikakujibu, mtu akikaribia safari anaona mengi. Ukanyamaza. Nashukuru ulinyamaza.

Picha ya kuanzia niliitoa kwenye kalenda ya kiwanda cha rangi: kimashua chembamba kama ganda la njegere, kimefunikwa juu, tundu moja la kukalia katikati. Chini yake pana neno. Mimi kwa darasa langu la tatu nikasoma "kaya", herufi zilizobaki nikazisamehe, nikasema vema, hii ni habari ya nyumba na watu wake. Mengine mkwe wangu alituonyesha kwenye simu yake.

Tukasimamisha vibao, kila kimoja kimekatwa kwa umbo la tumbo la mashua, vimepangwa juu ya boriti moja kama mbavu za samaki. Juu ya mbavu hizo zinalazwa fito, mbao zilizopasuliwa nyembamba, upana wa kidole gumba, urefu wa nyumba. Ufito kwa ufito, gundi ukingoni, kibanio juu, ngoja ikauke, lete mwingine. Na ufito mrefu vile una adabu mbaya, ukiushika huku, kule unakupiga kofi. Mtu mmoja hauwezi hata awe na mikono ya pweza; lazima mmoja puani, mmoja mkiani. Sebule haikutosha. Nikang'oa mlango wa chumba hiki, mlango nilioutengeneza mwenyewe, pua ya kayaki ikaingia mpaka miguuni pangu, ikatazama dirisha lile. Nikawa nalala na kayaki kama mke wa pili, na mkorofi kuliko wa kwanza.

Wahenga walisema wajenzi wa nyumba moja hawagombei fito. Wahenga hao hawakuwahi kufika hapa kwangu.

Mnaikumbuka siku ya kushoto? Mkwe wangu, usiangalie chini, tumeshakusamehe. Sindano yuko puani, uso ameelekeza mkiani. Wembe yuko mkiani, uso ameelekeza puani. "Mwambie leo tunagundisha kushoto." "Sawa. Leo kushoto." Basi kila mtu akashika kushoto kwake, kanuna, hatazami mwenzake, anabana na kupaka, anapaka na kubana. Mlipokuja kuinua macho gundi imekauka, fito za upande mmoja zimeshika puani tu, za upande wa pili zimeshika mkiani tu, na kayaki imejipinda kama shingo ya kuku anayechungulia mwewe.

"Nimesema kushoto!"

"Na mimi nimegundisha kushoto!"

"Kushoto gani hiyo?"

"Kushoto kwangu!"

"Kushoto kwako ni kulia kwangu, zuzu wewe!"

"Zuzu ni aliyesimama kinyume!"

"Kinyume? Mimi niko puani! Pua iko nyuma kwa mnyama gani?"

Mkwe wangu katikati, mdomo wazi, kafutwa kazi bila barua. Na mimi hapa kitandani nikajifunika shuka usoni msinione, maana machozi yalinitoka, yakalowesha mto, mto ukalowesha godoro, kidogo kayaki ielee humu humu. Zuzu! Sijapata kusikia neno tamu kama hilo tangu mama yenu aliponikubali. Hakusema "mwambie zuzu". Alisema "zuzu wewe".

Kisha, bado mnatukanana, Sindano ukaleta pasi ya moto ukailaza juu ya gundi mpaka ikalegea, Wembe ukapitisha wembe chini yake taratibu kama unanyoa kichanga, ufito ukatoka mzima bila kuvunjika. Mimi fundi milango nimeishi miaka elfu sijawahi kuona ufundi kama ule. Pasi ya nguo na wembe wa ndevu! Tangu siku hiyo kila ufito mliuandika kwa chaki ile ile ya mstari wa uani: upande wa bomba, upande wa geti. Kushoto na kulia mkazifukuza nyumbani kwangu.

Nipeni maji. Kidogo tu. Ahsante.

La pili nalisema polepole. Siku ya kuvisha kayaki kitambaa cha nyuzi za kioo, Sindano ndiye aliyekitandaza, maana kitambaa kikimwona kinanyooka chenyewe. Juu yake mkamimina ile gundi ya chupa mbili, ambayo ukiichanganya inapata joto yenyewe, halafu inakuwa jiwe. Akainama chini kufuta matone, msuko wake ukagusa, ukanasa. Ukivuta, kichwa kinakuja; ukiacha, gundi inakaza. Wembe akaukata, akamtoa, lakini gundi ilikwishapanda mpaka kwenye ngozi, na hapo hakuna kitana wala mafuta. Sindano akaja mwenyewe kukaa kwenye kiti cha kinyozi. Alivuka mstari, na mimi nilimwona kupitia dirisha hili.

Wembe akasimama nyuma yake na mashine mkononi, haiwashi. Akauliza, "Dada, nikunyoe?" Akarudia, "Dada, nakuuliza."

"Mama ulimuuliza hivyo?"

"Mama ndiye aliyeniomba. Alisema kichwa kinamwaka. Nilimuuliza mara mbili, dada. Nikalia, na yeye ndiye aliyenipangusa."

Sindano akainamisha kichwa. "Nyoa. Na ukinikata sikio nakushona mdomo."

Hapo nilijua nitakufa vizuri. Mzigo niliokuwa nimebeba kifuani, mzito kuliko milango yote ya mji huu na fremu zake, ulishuka, na mpaka leo sijui umekwenda wapi. Sitaki kujua.

Na leo asubuhi mkaitoa kwa dirisha, mkanibeba na kiti changu mpaka mtoni nyuma ya kiwanda cha mbao. Tundu lile tulilipima kwa kiuno cha Bwana Sawa, aliyenenepa tena alipofutwa kazi ya ukalimani, tukijua akitosha yeye kila mtu atatosha. Akaingia, akaambiwa aende, akasema sawa. Haikuingia tone. Ilikwenda imenyooka, wanangu, imenyooka mpaka samaki wakapanga foleni. Sawa, ilikwenda ikivuta kidogo upande wa bomba. Hata mimi navuta upande.

Sasa shikeni maagizo. Nyumba hii msiigawe. Kayaki imeelea, lakini nani atakayeishi kwenye nusu ya sebule? Kayaki yenyewe itundikeni juu ya ukumbi kwa kamba mbili, Sindano afunge ya puani, Wembe afunge ya mkiani, ili mmoja akitaka kuishusha amwite mwenzake, kwa mdomo wake, bila mkalimani. Randa yangu kubwa ni ya mkwe wangu. Hajui kuitumia, lakini amenisikiliza bila kunikatiza, na kazi hiyo haina mshahara mwingine. Vibanio vile vyekundu mvirudishe kwa seremala wa ng'ambo ya barabara. Niliviazima wakati bado ana meno, mwombeni radhi, mwambieni vimefanya kazi kuliko yeye. Mlango wa chumba hiki msiurudishe. Mstari wa uani mvua iufute, na safari hii chaki ikae kwenye kisanduku cha uzi.

Mkiwa na hasira, tukananeni. Nawaruhusu. Lakini mtukanane uso kwa uso. Zuzu wewe, si mwambie zuzu.

Mungu awape vizazi vyenye mikono mepesi na masikio mazito. Awape mlango usiokwama. Akupe wewe Sindano nywele za mama yako tena, naona zimeanza... zinachoma mkono kama brashi. Na wewe Wembe... lete kichwa. Vema.

Nimechoka. Hapana, siumwi. Nimechoka kama mtu aliyetua.

Kuna kimoja kimebaki. Lile neno la mama yenu. Nilikuwepo, hilo kweli tupu, na mkono wake ulikuwa mkononi mwangu. Ila kayaki... kayaki hakuisema. Alikuwa anaogopa hata beseni, Wembe ulisema vizuri. Ile niliitafuta mimi, kazi isiyowezekana kwa mtu mmoja, na kitanda cha watu wawili nisingeweza kuwaagiza mtu na dada yake. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mpaka mtoni.

Alichosema ni hiki: "Mume wangu, funga dirisha, mbu wanaingia." Nikanyanyuka nikaenda kulifunga. Niliporudi...

Basi. Ndilo neno lenyewe.

Mnacheka au mnalia? Ah, vyote. Sawa.

Nani huyo ananyanyuka? Bwana Sawa? Liache dirisha, mkwe wangu. Mbu waje tu. Ninyi kaeni.