Kiti Kilicho Jirani na Jiko

Asubuhi za Butembo zina baridi ya kuingia mifupani. Ndiyo maana kwenye benchi la Kavuo, muuza kahawa wa barabara ya kwenda Beni, kiti cha heshima ni kile kilicho jirani na mbabula, jiko lake la makaa. Anayekikalia hunywa wa kwanza na kusema wa kwanza. Wengine hufuata kwa zamu hadi mwisho wa benchi. Kwa miaka tisa kilikuwa cha Papa Muyisa, seremala, na kwa miaka tisa Maliro, aliyeitwa Kilo kwa sababu ya biashara yake ya kakao, alikimezea mate.

Siku hiyo makaa yalikuwa na unyevu. Moshi ulimwendea Muyisa moja kwa moja, kifua kikaanza kupiga filimbi. Pompe yake ya pumu ilikuwa mfukoni, ameishika, lakini kuitoa mbele ya watu aliona haya. Tangu Noeli alikuwa ameacha kuimba kanisani, na soko la Musienene, lenye kilima chake, alimwachia mkewe. Nyumbani alisingizia uzee.

— Ile pompe inafundishaka mapafu uvivu, alisema Salomon, aliyepokea zamu baada ya Muyisa kuipisha kwa mkono. Walimwita Docteur kwa kuwa aliwahi kulinda mlango wa duka la dawa.

Maliro akasema Beni yuko mtu aliyelala na mbuzi wiki nzima. Mbuzi akaanza kukohoa, mtu akapona. Docteur akamwambia aache uongo, ugonjwa unaletwa na sabuni za siku hizi.

— Sabuni wapi? akajibu Maliro. Asthme, hiyo pumu, inatoka ku minara ya téléphone, mon cher. Uliza Papa Muyisa, yeye ndiye iko nayo.

Wote wakamgeukia. Muyisa akatikisa kichwa tu. Alikuwa akizitafuta pumzi moja moja, na aliogopa kwelikweli.

Précieux, motard, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, kutoka Beni, aliyesimama hapo kupasha mikono moto, hakuwajua watu hawa wala desturi yao.

— Papa, pardon. Hii moshi inakuua. Juu ya nini hausogei?

Docteur akatazama viatu vyake. Jibu Muyisa alikuwa nalo, kwamba anayeinuka hupoteza kiti na zamu ya kwanza, ila hewa ya kulisemea haikuwepo.

Akatoa pompe. Akavuta, akasubiri, akavuta tena, wote wakimwangalia. Kisha akainuka, akajikongoja hadi mwisho wa benchi, kwenye upepo, akakaa. Maliro hakungoja, alisogea karibu na jiko.

Taratibu kifua kikafunguka. Sasa pumzi ya kusema alikuwa nayo, na alitaka kuwaambia kwamba muganga wa hospitali alimpa pompe ya pili, ya kuvuta kila asubuhi hata akiwa mzima, na kwamba aliiacha kwa kusikiliza maneno ya benchi hili. Lakini zamu mpya ilianzia kwa Maliro, aliyekalia kiti sasa, na yeye Muyisa alikuwa wa mwisho. Kabla haijamfikia, kahawa ikaisha, na watu wakaenda kazini.