Hellevi Karppinen, Aliyeitwa Mpishi wa Miche

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani, na nyote mliokanyaga theluji ya leo kuja kumsindikiza dada yangu, mimi ni Sulo Heikura, mdogo wa marehemu na jirani yake wa uzio mmoja kwa miaka thelathini na moja, na familia imenipa mimi kazi ya kuwasomea maisha yake kabla hamjamiminiwa kahawa. Karatasi mliyogawiwa mlangoni ilichapwa Jumanne, ni fupi na ina adabu, lakini hii niliyoshika nimeiandika asubuhi ya leo kwa mkono wangu, hata Tuija, binti yake, hajaiona, kwa hiyo likimchoma mtu jambo lililomo humu asimlaumu yeye, anilaumu mimi.

Marehemu Hellevi Inkeri Karppinen alizaliwa tarehe 11 Februari 1951 katika shamba la wazazi wetu hapa Kuusivaara, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, siku ambayo, kwa maneno ya baba, baridi ilifika nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri na mkunga aliletwa na farasi akiwa amefunikwa ngozi tatu za kondoo. Mama yetu alikuwa akipanda mbegu za kabichi kwenye makopo dirishani kila Machi, na sisi watoto tulipewa zamu ya kuyageuza kila asubuhi ili miche isipinde kwa kulifuata jua, wengine tukasahau zamu zetu, Hellevi hakuwahi kusahau ya kwake, na mara nyingi alifanya na ya kwangu bila kunisemea.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akaendelea na masomo Kajaani, akahitimu mafunzo ya posta tarehe 30 Mei 1970, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo akaanza kazi kwenye posta yetu ya hapa, ambako alikaa nyuma ya dirisha lilelile hadi posta ilipofungwa tarehe 31 Mei 2011. Wengi wenu mlipokea mikononi mwake barua za mapenzi, barua za mahakama na mbegu mlizoagiza, na hamkuwahi kumsikia akitaja kwa mtu nani kapata nini kutoka kwa nani.

Tarehe 22 Juni 1974, Jumamosi ya sikukuu ya kiangazi, alifunga ndoa na Eero Karppinen, dereva wa lori la magogo, wakajaliwa watoto wawili, Tuija aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1976 na Jouni aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1979. Eero alitutoka ghafla tarehe 8 Novemba 1998, na Hellevi akawa mjane akiwa na miaka arobaini na saba, na kwa wale mliomuona akilia siku moja tu na kesho yake amerudi dirishani posta, mkasema ana moyo wa jiwe, niwaambie tu kwamba nilikuwa nikimsikia kupitia uzio.

Alijiunga na Chama cha Bustani cha Kuusivaara mwezi Machi 1982, na mwaka 1987 akachaguliwa mtunza miche, cheo ambacho hakina mshahara wala kiti, kina ufunguo wa lango tu. Ni yeye aliyewafundisha kumwaga majivu juu ya theluji mwishoni mwa Machi, yawe meusi yalivute jua, ili matuta yenu yatokeze wiki mbili kabla ya ya watu wengine, na ni yeye aliyeanzisha yale masanduku ya vioo kumi na mawili nyuma ya ukumbi huu, chini samadi ya farasi inayotoa joto, juu yake udongo, na juu kabisa kifuniko cha kioo, humo mkawa mnaona nyanya na vitunguu vikiota Aprili wakati barafu ya ziwa bado inabeba gari. Kwa miaka kumi na saba kila mche mliouza kwenye soko la chama mwishoni mwa Mei ulipita vidoleni mwake, na watu walitoka hadi Kajaani kuja kununua.

Mjukuu wake wa pekee, Veera, alizaliwa Kajaani Jumamosi tarehe 24 Aprili 2004, saa nane mchana, na bibi yake alikuwa mlangoni mwa chumba cha kujifungulia tangu saa moja asubuhi. Naomba mtulie hapo kwenye tarehe hiyo, wanachama wa chama cha bustani, kwa sababu mnaijua, mmeiandika kwenye kitabu chenu cha kumbukumbu kuwa ndiyo siku ambayo Hellevi Karppinen aliua miche yote ya chama kwa uzembe, na katika miaka kumi na tisa hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza mtu mmoja anakuwaje Kajaani na hapa kwa wakati mmoja, ingawa wengi mlikwenda kumpongeza kwa mjukuu na mkala keki yake.

Siku hiyo kabla ya saa kumi na mbili asubuhi alinigongea mlango tayari amevaa koti, akaniwekea ufunguo wa lango mkononi, jambo ambalo kanuni zenu zilikataza, akasema, "Sulo, nisikilize vizuri. Jua likitoka tu, nyanyua vifuniko kiasi cha kiganja, utie kijiti. Saa tisa uvishushe. Basi." Nikamjibu, "Dada, nje ni nyuzi sita chini ya sifuri, nani anafungua dirisha?" Akasema, "Baridi ya mchana haitaiua miche, kitakachoiua ni jua chini ya kioo kilichofungwa. Niahidi." Nikamwahidi, na akaondoka.

Saa nne jua lilitoka mawinguni. Nilikwenda, mjue hivyo, sikusahau wala sikuwa nimelewa, nilikwenda nikasimama mbele ya masanduku yale, upepo ukanikata masikio, theluji ilikuwa bado inafika magotini, nikasema moyoni kwamba dada amechanganyikiwa na habari za mjukuu, nikifungua hapa nitaigandisha yote, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kujifanya najua, nikatia ufunguo mfukoni nikaenda ziwani kutoboa barafu na kuvua samaki. Niliporudi saa tisa na nusu na samaki wangu saba, vioo vilikuwa vimejaa mvuke kwa ndani, na miche elfu moja na mia nne ilikuwa imelala chini, imeiva, jamani, ilikuwa inanukia kama mboga jikoni. Humo ilikuwemo ile nyanya ndogo ya njano ya marehemu mama yake Marketta Ruuskanen, mwenyekiti wenu, ambayo mbegu zake zote zilizobaki zilipandwa mwaka huo, na haikupatikana tena.

Hellevi alirudi jioni na picha ya mtoto, akasikia, akakaa kwenye ngazi yangu, akasema, "Wewe Jumatatu ya tarehe tatu unaanza kazi kwa Tapani. Ukifungua mdomo wako, hakuna kazi. Ufunguo niliachiwa mimi, wacha waseme, watachoka." Tapani Ruuskanen, mumewe Marketta, ndiye aliyekuwa mkuu wa karakana ya magari ya theluji, kiwanda cha mbao kilikuwa kimenifukuza pamoja na wenzangu miaka miwili nyuma, na ni Hellevi aliyekwenda kunipigia magoti kwa Tapani hadi nikapewa nafasi. Nilimwambia hapana, nitasema, nikalisema neno hilo mara moja, naye akanikatalia mara moja, na mimi nikakubali upesi mno. Siku ya mkutano, Jumapili tarehe 2 Mei, nilikaa safu ya nyuma humuhumu ukumbini nikiangalia viatu vyangu, Marketta akalia akimtaja mama yake, mkamnyang'anya Hellevi ufunguo kwa kura thelathini na moja kwa sifuri, na hata mimi, mwanachama mwenzenu, mkono wangu mliuona juu.

Hamkuchoka. Mlimpa jina, mkamwita Mpishi, mkawa mnafika dirishani posta mnamwambia, "Mpishi, nipe stempu mbili, lakini usizichemshe," na kila mwisho wa Mei sokoni lazima mmoja wenu apaze sauti, "Hellevi, leo supu ya nini?" naye alicheka pamoja nanyi, mkadhani anafurahia utani. Hamkumfukuza uanachama, hapana, nyinyi ni watu wastaarabu, mliendelea kupokea ada yake na kumnyima sanduku, na kwenye kugawana mbegu kila Machi alikaa mwisho wa meza na kuokota kilichobaki. Akaanza upya jikoni kwake, kwenye paketi za maziwa zilizokatwa, miche arobaini, halafu mia, madirisha yote ya kusini yakajaa hadi chumbani kwake, na kwa kuwa miche yenu tangu siku ile ilikuwa miembamba na ya njano, mlikuwa mnapita kwa mlango wake wa nyuma kuomba ya kwake, mnaibeba chini ya koti, mnakula nyanya zake kiangazi kizima na jina mnamwita lilelile.

Bi. Marketta, upo hapa safu ya pili, na sikulaumu kwa hasira ya siku ile, mtu aliyepoteza kitu cha mama yake ana haki ya kulia, nakulaumu kwa miaka kumi na tisa. Lakini Tapani alinistahi kazini, nikalipwa vizuri, nikajenga sauna mpya ya kuogea mvuke, nikastaafu mwaka 2020, Tapani naye akafariki mwaka uliofuata, na tangu hapo sikuwa tena na kisingizio hata cha kumdanganyia mtoto, nilikuwa nimezoea tu.

Mwezi Novemba mwaka jana Hellevi alianza kupungua mwili, tarehe 9 Januari madaktari wakakuta saratani ya kongosho, wakatuambia bila kuzunguka kwamba Pasaka haitamkuta. Tarehe 6 Machi aliwaandikia nyinyi wa chama kadi, mimi ndiye niliyeipeleka, na nakala yake ninayo: "Naomba sanduku moja msimu huu, lile la mwisho karibu na uzio, ikiwa halina mtu. Nitafungua kwa wakati. Hellevi Karppinen." Mlimjibu tarehe 14 kwamba ombi lake limepokelewa na litajadiliwa katika mkutano wa tarehe 20 Aprili. Leo ni tarehe 15, mkutano bado siku tano, mnaweza kulifuta kwenye ajenda.

Alipoisoma barua yenu aliikunja vizuri, akaniuliza, "Sulo, unadhani watanipa?" na hakuniangalia usoni alipouliza. Tarehe 17 Machi nilivaa koti langu la kanisani nikaenda kwa Marketta nikiwa nimeshayapanga maneno, kwamba ni mimi, kwamba Hellevi hakuwepo siku ile, alikuwa Kajaani, na najua kwamba ningelisema hilo, Marketta angempelekea ufunguo jioni ileile, kwa sababu ni mkali lakini si mbaya. Nikapewa kahawa na mkate wa iliki, tukaongea juu ya theluji, kwamba mwaka huu ni nyingi, kwamba paa zimelemewa, nikasema asante, nikarudi. Hellevi alikuwa ameniona dirishani nikienda na nikirudi. Hakuniuliza kitu, aliniambia tu nikamwage majivu kwenye matuta yake, akanisimamia kutoka kitandani, "Nyembamba, Sulo, nyembamba, hupaki siagi!" na mimi nikamwaga huku siwezi kugeuka, kwa sababu angeniona nalia.

Alifariki nyumbani kwake Jumatano tarehe 29 Machi 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mbili, Tuija na Veera wakiwa wamemshika mikono, na mimi nikiwa jikoni nageuza paketi za maziwa kwa sababu alikuwa ameniagiza.

Ameacha watoto wawili, mjukuu mmoja, na miche mia moja na kumi. Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa matibabu ya nyumbani waliokuja kila siku katika barabara hizi, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani wa posta waliobeba jeneza, inawashukuru majirani kwa vyakula vilivyoko mezani, na inamshukuru mchungaji. Chama cha Bustani mmeleta shada kubwa kuliko yote, na kanisani mkasoma utepe wake kwa sauti, "Kwa mwenzetu mpendwa," nikajiuliza mwenzenu tangu lini, kisha nikakumbuka kwamba mimi nami nimesoma utepe wangu, "Kwa dada mpendwa," na sauti yangu haikutetemeka.

Najua desturi, msomaji akishamaliza watu hupanga mstari kumpa mkono wa pole. Mikono hiyo wapeni Tuija, Jouni na Veera. Mimi nitakuwa nimesimama pale karibu na mlango, na nawaomba mnipite.

Hellevi, dada yangu, pumzika kwa amani. Si wewe uliyeiua. Ni mimi.